Matendegu Mekundu

Mbao za kuchonga kete za sataranji nilizichagua mimi, kwa sababu ya woga. Mpingo niliukataa mapema. Siku hizi ukiutaja tu katika karakana zetu za Amritsar, huku India, watu wanageuka kutazama mlangoni. Msandali mwekundu sikutaka hata kuusikia. Huo ukiusafirisha nje ya nchi unafungwa, na hakuna anayekuuliza una watoto wangapi. Kwa hiyo kete nyeupe tukachonga kwa mti wa milimani wenye kibali, na nyekundu kwa mti wa kawaida ulio jamii ya mninga. Karatasi zote akatia sahihi mwanangu Manvir, maana tangu marehemu baba yake aondoke, karakana iko kwa jina lake.

Shemeji yangu Tarlochan hakuupenda ule mti. Yeye ni kaka mkubwa wa marehemu, na kazi yake ni moja tu, kuchonga farasi. Kete nyingine huzungushwa kwenye mashine, lakini farasi huchongwa kwa mkono, na mchonga farasi hufanyia kazi nyumbani kwake, hakuna anayemchungulia. Alilalamika kwamba mti wangu una nyuzi nene, masikio yanakatika. "Unataka farasi au unataka ngamia mgonjwa?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba nataka mwanangu alale nyumbani. Akacheka, akaondoka na magogo yake.

Asubuhi ambayo mzigo ulikuwa umeshapelekwa kwenye ghala la forodha, nilimpelekea Tarlochan chai nyumbani kwake. Nikachukua beseni analolowekea jiwe la kunolea ili nimwage maji. Mabanzi mekundu yalikuwa yanaelea juu, kama kawaida. Mengine yalikuwa yamelala chini.

Mti wangu unaelea. Mwekundu unaozama ni msandali. Nililisogeza beseni mbele yake.

"Shemeji, hiki ni nini?"

Alitazama beseni, akashusha kikombe. Alisema farasi wa mwisho alikatika sikio, na muda ulikuwa umekwisha. Kwa wachonga farasi wetu, kurudisha farasi aliyekatika sikio ni aibu. Unatafuta kipande chako mwenyewe, unachonga mwingine, unanyamaza. Yeye alikata tendegu la kitanda cha baba yao, kitanda cha zamani cha msandali kilichokuwa kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani miaka mingi.

"Ni kitanda tu, Nirmal," alisema. "Baba alikilalia kabla hata ya hiyo sheria."

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Manvir, aliyekwenda na mzigo, alikuwa anaongea taratibu mno. Inspekta wa misitu amekuja ghalani, mzigo umesimamishwa, anataka kufungua maboksi.

Tarlochan aliingia ndani kujifunga kilemba. Mimi nilibaki na yale matendegu matatu yaliyobaki, mekundu, yananitazama. Niliwaza wakija kupekua, wakiyakuta. Tanuri la mikate uani lilikuwa linawaka. Niliyasukumia humo yote, nikafunika, nikajifuta mikono. Tulipopanda bajaji sikumwambia kitu. Yeye alikuwa anasali kimoyomoyo.

Ghalani, boksi la juu kabisa lilikuwa la mwisho kufungwa, na ndilo walilofungua. Inspekta alikuwa kijana mpole, ana kisu kidogo na ndoo ya maji. Aliwapanga farasi wekundu wawili mezani. Hapo nilimtambua yule wa msandali bila kuambiwa. Mmoja alikuwa na masikio butu. Mwingine alikuwa na meno yanayohesabika na nywele za shingoni nyembamba kama uzi, maana msandali unashika kila unachouambia. Inspekta naye ana macho. Mkono wake ulikwenda kwa yule mzuri.

"Huyu amechongwa na nani?" aliuliza, akimgeuza kutafuta pa kuingiza kisu.

Manvir alianza kujibu kwa fahari. Nilitaka kumziba mdomo.

"Usimkwangue," alisema Tarlochan. "Huyo ni msandali. Nimemtia mimi, kijana hajui lolote."

Manvir akageuka. "Baba mkubwa, unasema nini?"

Inspekta hakupandisha sauti. Alikwangua kidogo, akatia banzi kwenye ndoo, likazama. Alisema sheria inaanza na mwenye sahihi, na mwenye sahihi yuko mbele yake. Msandali wa magendo, alisema, kila siku una hadithi.

"Si wa magendo. Ni tendegu la kitanda cha marehemu baba yangu."

"Una uthibitisho, Sardarji?" Inspekta alimuuliza mzee kwa heshima.

"Ninao. Yamebaki matatu, yako nyumbani. Yamechakaa kwa kukaliwa, alama za kamba bado zipo. Mtoto mdogo ataona ni kitanda."

Inspekta alifunga kisu. Alisema kama ni kweli basi kosa ni dogo, la mzee, na kijana ataachiwa. Twende tukayaone sasa hivi.

Manvir alishusha pumzi. Tarlochan alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akanigeukia.

"Mwambie, shemeji. Umeyaona asubuhi hii hii."

Wote watatu walikuwa wananitazama. Mkono wa nguo yangu ulikuwa bado unanuka moshi wa tanuri.