Ndoa Tatu za Kituo Chetu

Kituo chetu cha televisheni, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, kimeolewa mara tatu. Nasema kimeolewa kwa heshima zote. Kituo kidogo hakina uwezo wa kutengeneza tamthilia, hivyo hujishikiza kwa stesheni kubwa, kikarusha vipindi vyake mchana kutwa na kuachiwa nusu saa ya habari za nyumbani. Mume wa kwanza alikuwa Kengele, akafilisika. Wa pili Kasia, akatutaliki kwa barua ya mistari miwili. Sasa tuko kwa Mwavuli.

Nusu saa hiyo, saa saba mchana, husomwa na shangazi yangu tangu siku ya kwanza. Waume huja na kuondoka, shangazi yupo. Tatizo lake ni moja tu: husahau yuko kwa nani. Wiki iliyopita aliwakaribisha watazamaji Kasia mara mbili, tena kwa tabasamu.

Mwavuli wakamtuma mkaguzi. Akasema mbele ya watu wote: shangazi akikosea jina tena, nusu saa inafutwa, na habari zitatoka makao makuu.

"Bomba la mtaa wa nyuma likipasuka, makao makuu watajuaje?" shangazi akauliza.

"Hawatajua, mama."

"Haya basi."

Fundi wa kamera ana dawa yake ya siku nyingi. Kila ndoa mpya hubandika chini ya lenzi karatasi yenye jina la mume, juu ya karatasi ya yule wa zamani. Safari hii alikuwa amechelewa. Akaibandika asubuhi hiyo. Shangazi husoma chochote kilichoandikwa mbele yake. Ni mtu mwaminifu.

Hapa ndipo ninapoingia katika historia. Nilikuwa likizo kutoka bweni, nina kiu ya elimu. Saa sita na nusu nilibandua Mwavuli nione waliomtangulia, kisha nikamrudisha kwa mate. Mate, nimejifunza, si gundi.

Saa saba kamili taa zikawaka, joto likapanda, Mwavuli akadondoka taratibu. Akabaki Kasia, anamkodolea shangazi macho.

"Mnatazama Televisheni..." Shangazi akaitazama karatasi tena. Alijua si huyo. Alijua pia ni kazi ya nani. Jicho alilonitupia nililistahili. Kisha akamgeukia mkaguzi, aliyekuwa amesimama kando ya kamera, mji mzima ukisikiliza.

"Mkwe wetu, hebu sogea uwasalimie wenyeji. Waambie mwenyewe wanatazama televisheni gani."

Mkaguzi akasogea, akarekebisha tai. Kabla Mwavuli hawajamwajiri mwezi uliopita, bwana huyu alikuwa ametumikia Kengele miaka kumi na Kasia sita.

"Mnatazama Televisheni Kengele," akasema, kwa sauti nzito, nzuri sana.

Fundi akaziba mdomo kwa kofia. Shangazi akashukuru, akasoma habari zake mpaka mwisho kama maji ya mtungini.

Baadaye, kwenye korido, mkaguzi alikuwa amelowa jasho.

"Mama, kuhusu ripoti yangu..."

"Andika tu, baba. Aliyekosea jina hewani leo ni nani?"

Akatazama viatu vyake. "Tusifikishane huko."

"Na nusu saa yangu?"

"Kesho saa saba, mama. Kama kawaida."

Shangazi akafurahi, akatushika sote wawili: mkaguzi mkono, mimi sikio.