Kipande cha Jamvi

Watu wa Pujini wakiniuliza binti yangu Thuraiya anasomea nini huko Dar es Salaam, nilikuwa nawajibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: majani. Wakicheka, nawaacha wacheke. Mwaka ule wa marudio ya uchaguzi vyama vilikuwa vimetugawa, hata mazikoni hatuendeani, na kicheko kilikuwa adimu. Mwenye nacho na akitumie.

Mimi nilijua anachokifanya kwa sababu alinieleza, na mimi si mjinga. Kila jani lina utando mwembamba wa nta juu yake. Ukilipiga mwanga fulani usioonekana kwa macho, mashine huchora mstari wenye vilima na mabonde, na miti ya ukoo mmoja vilima vyao hufanana, kama pua za watoto wa nyumba moja. Jani lililofukiwa miambani mamilioni ya miaka nalo huweza kubakiza utando wake. Thuraiya alikuwa nalo moja, limetoka bara, na hakuna aliyejua ni la ukoo gani. Yeye alidai jamaa zake wako Pemba, akaja kuchuma majani ya miti arubaini ili athibitishe.

Alichuma wiki nzima, akayapanga ndani ya magazeti, akaniachia yakauke huku yeye akienda Wete kushughulikia kibali cha kuyasafirisha. Siku hiyo mvua ikanyesha, magazeti yakalowa. Jua lilipotoka nikafanya ambalo mama yeyote wa Pemba angelifanya msimu wa karafuu. Niliyatoa nikayatandaza kwenye jamvi langu la kuanikia karafuu, pahali pasafi kuliko pote uani, hata kuku hathubutu kupakanyaga. Jioni nikayarudisha kwenye magazeti makavu, kila jani na karatasi yake yenye jina. Sikumwambia. Niliona nimemsaidia.

Baada ya mwezi akanipigia simu.

"Mama, yale majani uliyaanika wapi?"

"Jamvini. Ungetaka niyaanike wapi, nchangani?"

Akanieleza. Mashine imesema miti yote ya Pemba, mwembe, mkungu, mtondoo, ina kilima kimoja kikubwa, na kilima hicho ni cha karafuu. Msimamizi wake, Dokta Msellem, amekasirika. Kasema majani yamechafuliwa kwa uzembe wa Thuraiya, na sehemu yote ya Pemba itaondolewa kwenye tasnifu yake.

"Hukumwambia nani kayaanika?"

"Siwezi kukutaja, mama."

Nikapandwa na hasira, na kwanza ilikuwa kwa ajili ya jamvi. Jamvi alilolishona marehemu mama yangu kwa mkono wake liitwe chafu! Nikamwambia Thuraiya maneno ambayo hayakumstahili, nikakata simu, nikaenda uani, nikainama kulinusa. Misimu zaidi ya ishirini ilikuwa imo mle. Ukili, ile mikanda ya kusuka aliyoiunga mama, ulikuwa umelewa mafuta ya karafuu, na mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile hata siisikii tena. Mwanangu anaitwa mzembe kwa ajili yangu, na hasemi. Nililia pale pale nimechuchumaa.

Kisha nikachukua kisu. Nilizisogeza karafuu upande mmoja, nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja katikati ya jamvi. Bi Tatu, jirani yangu, alikuwa akinitazama kwenye ua.

"Rumaitha, una nini? Si jamvi la mamako hilo?"

"Ndilo. Linakwenda chuo kikuu."

Nikaomba orodha ya miti kwa Thuraiya. Siku tisa nilizunguka, karafuu zangu zikipukutika mitini, nikachuma upya majani ya miti yote arubaini. Kila asubuhi nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ikachubuka. Magazeti niliyabadilisha kila siku, na majani niliyakaushia chumbani kwangu, ambamo sikuwahi kuingiza karafuu hata moja. Kisha nikayatuma kwa meli pamoja na kipande changu na barua: "Dokta Msellem, assalaam alaykum. Aliyeharibu ni mimi, mama yake. Pima kipande hiki. Kikitoa kilima kile kile, basi mwanangu si mzembe. Ukimaliza, pima na majani haya."

Kikatoa kilima kile kile. Majani mapya hayakuwa nacho. Na mtondoo, ambao sisi tunaujua kwa kuni na mafuta ya taa za zamani, vilima vyake vilikaa juu ya vilima vya lile jani la miambani kimoja kimoja.

Dokta alinipigia mwenyewe.

"Bi Rumaitha, nimefundisha miaka mingi, sijapata kuletewa ushahidi unaonukia namna hii. Nilimkosea binti yako."

"Basi kamwambie yeye."

Akamwambia, mbele ya wenzake.

Thuraiya alipokaribia kumaliza tasnifu alinisomea kwenye simu ukurasa unaohusu kosa lile. Ulisema kwamba sampuli za awali zilianikwa na msaidizi mmoja kwenye jamvi lenye mafuta ya karafuu.

"Msaidizi gani huyo?" nikamwuliza. "Hana jina?"

"Mama, huu ni ukurasa wa makosa. Nimetaka kukusitiri."

"Ukinisitiri mimi, ntu akisoma atakudhania wewe. Niandike."

Alibisha kidogo, lakini kwa ubishi hajanifikia bado. Kitabu kilipokuja kimejalidiwa, nilimwita Bi Tatu, tukakaa barazani, nikamsomea mwenyewe kwa sauti, polepole, ukurasa ule. Palikuwa na jina langu lote, Rumaitha binti Turki, mkulima, Pujini, na chini yake kosa langu lote, halijapunguzwa neno.