Mwalimu Mboni wa Wodi ya Watoto

Uvimbe wa Mboni ulianza kama maumivu ya jino, na jino likang'olewa. Wiki mbili baadaye shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna kama la mtu aliyebugia andazi zima, na mwezi ulipoandama tena, Mboni, binti wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la sita kijijini Tingi, alikuwa haendi tena shule. Alijifunika kanga mpaka puani. Wenzake wakija kumwita, alijifanya amelala.

Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa bado wanajenga katika kijiji kipya cha ujamaa, na baba yake, Bakari, alikuwa juu ya paa akiezeka makuti alipoamua kwamba kusubiri kumetosha. Aliteremka, akanawa mikono, akaenda kuulizia lori linalopanda milimani. Huko kulikuwa na hospitali ya misheni, na daktari wake alisifika kwa kutibu uvimbe wa watoto. Mama yake Mboni alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyefungasha sufuria, mkeka na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini, alikuwa bibi, Binti Likwata, mama mzazi wa Bakari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, ambaye tangu Mboni anazaliwa alimwita mke mwenzake, akawa anagombana naye kila siku kwa raha zake.

Daktari alimpima Mboni, akakata kinyama kidogo cha kupima, na majibu yalipopatikana akamwita Bakari pembeni. Bakari alirudi macho mekundu, akasema ni jino tu lililoozea ndani. Bibi naye akasema ni jino. Hata mama wa kitanda cha jirani, ambaye hakuulizwa na mtu, alisema ni jino. Mboni aliwatazama wote watatu, akajua kwamba atakufa.

Aliyeyamaliza hayo alikuwa muuguzi Theresia, Mmatumbi wa huko huko milimani. Siku ya pili, Bakari alipokwisha kurudi Tingi, Theresia alivuta kigoda kando ya kitanda, akamwuliza Mboni yeye mwenyewe anadhani anaumwa nini. Mboni alisema anadhani anaumwa kitu ambacho watu wanaogopa kukitaja.

“Kinaitwa saratani,” Theresia alisema. “Hukurogwa, hukumkosea mtu, na hakuna atakayeambukizwa kwa kukaa nawe. Tutakutia dawa kwenye mshipa. Itakutapisha, na nywele zitadondoka, halafu zitaota tena. Wengi wenye uvimbe kama wako hutoka hapa wamepona. Si wote. Ukitaka kujua jambo lolote, niulize mimi. Sitakudanganya.”

Bibi alikasirika kweli kweli. Alimfuata Theresia mpaka barazani, akamwambia kwamba kwao mtoto hatajiwi ugonjwa mkubwa, na kwamba maneno nayo huua. Aliporudi wodini akiwa bado anahema, alimkuta Mboni amelala fofofo, mdomo wazi, kama mtu ambaye hajapata usingizi tangu Tingi. Bibi alikaa mkekani, akavuta kikapu, akaanza kuchambua ming'oko. Jioni alimpelekea Theresia sahani ya ming'oko ya kuchemsha.

Dawa ilitapisha kama alivyoambiwa. Shavu lilianza kunywea, naye daktari alifurahi, lakini wiki ya tatu Mboni aliamka akakuta mto umejaa nywele. Alikuwa amelijua jambo hilo, ila kujua kumbe si kuona. Alijifunga kanga kichwa kizima, akageukia ukuta, na kwa siku nne hakusema na mtu. Bibi alimbembeleza, akamtania, mwisho akamtisha. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokuja.

Theresia hakumbembeleza. Siku ya tano alikuja na kipande cha chaki. Miaka ile kisomo cha watu wazima kilikuwa kila mahali, na hospitalini pia kulikuwa na darasa la akina mama waliokuwa wakiuguza watoto wao, kila siku alasiri barazani. Mwalimu wao, karani Ignasi, alikuwa amehamishiwa Kilwa. Theresia alieleza kwamba yeye mwenyewe amejaribu kufundisha, lakini kila akiandika herufi mbili anaitwa wodini, na wale mama sasa ni wiki nzima wako kwenye herufi ile ile.

“Nahitaji mwalimu,” alisema. “Wewe umefika darasa la sita.”

Mboni aliuambia ukuta, “Watanicheka.”

“Huenda. Na wewe utawacheka wakianza kuandika.”

Chaki aliiacha juu ya shuka, akaenda zake. Alasiri ile Mboni alikwenda barazani, kanga imemfunika akabaki macho tu. Wanafunzi wake walikuwa wanawake saba. Mmoja wao alikuwa Samia, mama kijana kutoka Kitomanga, mwenye mtoto wa miaka mitano aitwaye Fakihi ambaye naye alikuwa na uvimbe, wa tumboni, na ambaye dawa ilimfanya awe na upara unaong'aa. Wanawake wote walimwamkia Mboni kwa adabu kama mwalimu yeyote. Alichanganyikiwa, maana walikuwa sawa na mama zake, akawajibu yeye kwa shikamoo. Wakaitikia marahaba kwa pamoja, darasa likaanza.

Bibi hakujiunga. Alisema macho yake yameshaona yaliyomtosha, na herufi hazikuwamo. Lakini kila siku alileta ukili wake akakaa nyuma kabisa, amewapa mgongo, akisuka. Mboni alimwacha. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Siku moja Samia alikwama ubaoni, hajui aliyoiandika ni b au d, na kabla Mboni hajafungua kinywa, sauti ya Bibi, aliyekuwa amegeuka bila mtu kujua, ikatoka nyuma.

“Hiyo ni d. Mimba kaibeba mgongoni. Ya b iko mbele, kama ya watu.”

Baraza zima lilicheka. Mboni alicheka mpaka akashika ubavu, na katika kucheka kanga ikateleza ikaanguka sakafuni. Kicheko kilimkatika. Wanawake nao wakainamisha macho. Fakihi alitoka mapajani mwa mama yake, akaenda akapapasa kichwa cha Mboni kwa viganja viwili, taratibu, kama anayepima tikiti shambani.

“Mwalimu ana kichwa kama changu,” akatangaza.

Mboni alitazama kile kipara kidogo kilichosimama mbele yake kwa fahari. Aliiokota kanga, akaitandika mabegani, akamwambia Samia aendelee na herufi inayofuata. Toka siku ile hakujifunika tena, na toka siku ile Bibi alikalia mstari wa mbele, akibishana na mwalimu wake juu ya kila silabi.

Si kila siku ilikuwa ya kucheka. Mwezi wao wa tatu hospitalini, mtoto wa kitanda cha mwisho, Valentini, alifariki alfajiri, na mama yake, Katarina, mmoja wa wale saba, akaondoka naye kwenda kuzika. Alasiri ile hakuna aliyekwenda barazani. Mboni alimtafuta Theresia, akamkuta akikunja mashuka, akamwuliza swali moja tu: na yeye je?

Theresia aliweka shuka chini. Alisema hajui. Alilolijua ni kwamba uvimbe wa Mboni haushikiki tena kwa vidole, na kwamba daktari ameridhika. Akijua zaidi, atamwambia siku hiyo hiyo. Kisha wote wawili walilia kidogo, wakamaliza kukunja mashuka.

Kesho yake Mboni aliwakusanya wanawake, akawaambia leo hakuna kusoma, leo watamwandikia Katarina. Ilichukua alasiri tatu. Kila mmoja aliandika neno lake, na pale waliposhindwa walifuta wakarudia, mpaka karatasi ikawa nyembamba. Barua yenyewe ilikuwa mistari mitano. Ilisema pole, ilisema tunamkumbuka Valentini alivyokuwa akiimba, na mwisho yalifuata majina saba, la Bibi likiwa kubwa kuliko yote.

Mtahini alifika kutoka wilayani baada ya masika. Alimpa Bibi kijitabu cha kilimo bora cha korosho, naye akasoma ukurasa mzima, polepole, kidole kikitangulia. Alipomaliza alikifunga, akasema aliyeandika hayo hajawahi kupanda mkorosho hata mmoja, akaanza kumweleza mtahini jinsi unavyopandwa. Mtahini alimwandikia kwamba amefaulu, haraka haraka, ili apate nafasi ya kumwita anayefuata. Walifaulu wote. Fakihi, ambaye hakuandikishwa, alidai naye atahiniwe, akaandika f moja iliyolala chali.

Wiki hiyo hiyo daktari alimruhusu Mboni aende nyumbani, kwa sharti la kurudi kupimwa kila mwezi. Alirudi miezi yote aliyoambiwa, na uvimbe haukurudi. Lakini siku ya kuondoka hayo yote yalikuwa bado mbele, na yeye alikuwa na nywele fupi kama za kifaranga na hofu ya kuonana na wenzake shuleni. Alimwambia Bibi hofu hiyo wakiwa wamekaa juu ya magunia ndani ya lori.

Bibi hakumwambia asiogope. Alisema wakimcheka, awafundishe kusoma. Halafu akageukia gunia alilokalia, akaanza kulisoma, na alipolimaliza akasoma la pili, kisha ubao wa lori, kisha fulana ya utingo, silabi kwa silabi, kwa sauti ya kushinda injini. Abiria mmoja alimwomba apumzike. Bibi alimjibu kwamba amekaa miaka sitini bila kusoma, kwa hiyo ameshapumzika vya kutosha, akaendelea na maandishi ya dirisha la dereva, huku Mboni, aliyekuwa akicheka, akimsahihisha pale alipokosea.