Pombe ya Suluhu ya Mama Hilda

Fransiska alichota kata moja, akapuliza povu, akaonja. Mama yangu! Macho yalimtoka, masikio yakavuma, ulimi ukawaka. Akakaa chini palepale jikoni. Miaka ishirini anapika pombe, Bashay nzima wanamjua, na hajawahi kupika kitu cha namna hii.

Tena hii ilikuwa pombe ya suluhu. Mumewe Margwe na mdogo wake Qamara huu ulikuwa mwaka wa tisa hawasalimiani, kisa mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Kila mmoja alidai mwenzake kamlia hatua kumi. Leo saa sita wazee wangekaa uani, ndugu wanywe kwenye kibuyu kimoja, mzee Akonaay awaombee, yaishe. Pombe ya suluhu hupikwa nyepesi, ya kulainisha koo tu, maana sheria ya wazee wao haina huruma: anayetoa tusi mbele ya pombe hiyo ndiye mwenye makosa, kesi kaipoteza. Fransiska aliitaka suluhu hiyo kuliko mtu yeyote. Marieta, mke wa Qamara, alikuwa shoga yake, walikuwa chanda na pete. Sasa hata kisimani walikwenda kwa njia mbili tofauti wasije wakakutana.

"Kimea nilipima vizuri," alijisemea. "Au ndiyo nazeeka?"

Hakukuwa na muda wa kulia. Akabandika maji, akakoroga uji mwepesi wa mahindi, akaupoza kwenye beseni. Togwa hakuigusa. Mjinga ndiye anayepunguza pombe kali kwa togwa, kumbe utamu wake huipa chakula kingine, ikazidi kuchachuka. Mtungi wa kwanza akauchuja upya, kata mbili za pombe kwa moja ya uji, anaonja, anaongeza, mpaka ulimi ukatulia. Ndipo akaona kitu kwenye chujio. Nta. Na bawa la nyuki.

Asali! Asali ikilala siku tatu kwenye pombe, hiyo ni teke la punda. Na mwenye mizinga nyumba hii ni mmoja tu.

Margwe alikuwa nyuma ya zizi, ananyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki.

"Baba Hilda, umetia asali kwenye pombe yangu?"

Hata hakugeuka. "Nimetia. Mitungi yote miwili." Akacheka. "Qamara hana kichwa cha pombe, si unamjua? Vibuyu viwili tu, atanitukania mpaka mama aliyetuzaa wote. Kesi imekwisha. Wewe nyamaza, usiiguse."

Fransiska alimtazama mgongoni. Jamani, huyu ndiye aliyelala naye miaka ishirini na miwili? Huyu ndiye anayesimama kanisani kusoma somo? Alirudi jikoni, na alipofika, mshtuko ulikuwa umeshageuka hasira. Mtungi wa pili ulikuwa bado haujapunguzwa. Akauacha hivyo hivyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na leo atakayetukana mbele ya wazee atajulikana.

Wageni walifika. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Mwenye nyumba hunywa kwanza, wageni waone haina sumu, na hukimaliza kibuyu. Fransiska akakijaza kutoka mtungi wa pili, Margwe akakimaliza. Fransiska akarudi jikoni kukijaza, safari hii kutoka mtungi wa kwanza, akampa Qamara kwa mikono miwili. Akarudi tena. Mara tatu alifanya hivyo, na Margwe, ambaye tangu asubuhi hakula kitu kwa kufurahia ushindi wake, akaanza kuyumba kwenye kigoda.

Fransiska alingoja tusi. Halikuja. Margwe aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti.

"Mkonge," akasema. "Mkonge wa mpaka niliuhamisha mimi. Siku ile ya kumzika baba. Nyie wote mko makaburini, mimi nang'oa, napanda hatua kumi ndani ya shamba la Qamara."

Mzee Akonaay alishika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

Fransiska aliikumbuka siku hiyo. Mumewe alibaki kitandani, eti ana malaria. Fransiska mwenyewe ndiye aliyewaambia waombolezaji hivyo. Alikimbia kutoka makaburini kumpelekea uji, akamkuta na matope miguuni, akapiga magoti akamwosha. Kumbe alikuwa anaosha udongo wa shamba la Qamara! Na miaka tisa amewaita wenzake wezi, akamwita mwizi hata Marieta pale kisimani, watu wanasikia.

Qamara alisimama. Midomo ilimcheza. Kila mtu alijua tusi linakuja, na lilikuwa haki yake. Akalimeza. Akatazama kibuyu, kisha akamtazama Fransiska.

"Shemeji, mimi nimekunywa uji. Kaka amekunywa nini?"

Uongo ulimkataa Fransiska mdomoni. "Kali," akasema. "Aliitia asali ili wewe utukane. Yako nikaipunguza. Yake nikaiacha makusudi."

"Eti nini?" Mzee Akonaay aliruka kama kijana. "Pombe mbili? Kwa pombe mbili nitamwombea nani mimi?"

Qamara alimnyooshea Fransiska kibuyu kitupu. "Nenda kachanganye," akasema. "Nitakunywa alichokunywa yeye, na yeye anywe changu."

Fransiska aliingia jikoni haoni mbele kwa machozi. Akaukumbatia mtungi wa pili, ukamshinda. Nyuma yake mtu akaingia, akainama upande wa pili. Marieta.

Fransiska alifungua mdomo aombe msamaha, Marieta akamtangulia.

"Mzito huu," Marieta akasema, hamtazami. "Shika vizuri huko."

Wakaunyanyua pamoja, wakamimina kwenye mtungi wa kwanza.