Pindo la Kanga

Muhogo wa daku ulikuwa baridi mdomoni, nami nilikuwa nimefunga. Niliutafuna taratibu mbele ya wifi yangu Mboni, ambaye siku ile hakufunga kwa kuwa alikuwa mwezini. Alipogeukia mafiga, nikautemea kwenye pindo la kanga.

Nilifanya hivyo Ramadhani saba. Siku zangu zilikuja mara moja kwa mwaka, mara mbili nikibahatika. Huku Mlandizi nilikoolewa wanawake hawaulizani. Wanaangalia tu nani kaingia jikoni mchana. Asiyeingia ana mimba, au ana kasoro. Mimba sikuwa nayo, na kidevuni ndevu zilikuwa zikiota, nikizing'oa kwa kucha. Niliogopa Mfaume, mume wangu, angenirudisha kwetu Kisarawe.

Baada ya Idi Mboni alilipa siku zake, nami nikalipa naye siku ambazo sikuzila. Tulifuturu sahani moja. Sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye sahani ile.

Mwaka 1976, tukiwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, damu ilikuja mwandamo wa Ramadhani. Niliingia jikoni nikameza muhogo, machozi yakinitoka kwa furaha. Damu haikukatika mwezi mzima, wala mwezi uliofuata. Sikumwambia mtu. Nani alalamikie neema?

Nilianguka kwenye shamba la kijiji. Hospitalini mjini daktari aliniuliza, "Siku zilianza kukosekana lini?"

"Tangu usichana."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilikuwa natafuna muhogo," nilisema. Hakunielewa.

Alinieleza kwamba mfuko wa uzazi ukikaa miaka bila kujisafisha, ukuta wake hunenepa, na kwa baadhi ya wanawake hugeuka kansa. Wangu ulikuwa umeshageuka. Wakautoa.

Mfaume hakunirudisha Kisarawe. Alioa mke mwingine, basi.

Ramadhani iliyofuata Mboni aliniita jikoni. Nilisimama mlangoni.

"Nimefunga," nikasema.

"Najua. Hata miaka ile ulikuwa umefunga. Sisimizi walikuwa wakiandama pindo la kanga yako, wifi."

"Mbona hukusema?"

Aliutazama muhogo mkononi mwake. "Niliona haya kukuumbua."

Nilikaa karibu naye mpaka alipomaliza kula.