Alinishika Tu

...na neno moja hilo linabebaje yote hayo, miaka kumi na sita nalitafsiri mahakamani hapa Garsen na sijapata jibu, kuku hushikwa, mkono wa bibi harusi hushikwa, mwizi hushikwa, na sasa Kadii, mama wa watoto watatu, amesimama mbele ya hakimu akitazama kucha zake, amesema, "Alinishika," na hakimu ameinua kalamu, anangoja Kiingereza changu, maana huandika ninachosema mimi karani Nyevu, si alichosema Kadii... Iha, shemeji yake, yuko kizimbani na shati lililonyooshwa pasi, nani alilinyoosha, bila shaka mkewe, dada yake Kadii, maskini, naye angefanya nini... kituoni waliandika kushika, basi shtaka likawa lile dogo, kitendo cha aibu, kifungo kisichozidi miaka mitano, lile kubwa huanzia kumi, wakili wa Iha anasema sheria ina ngazi kwa kuwa makosa hayalingani, na kweli hayalingani, siwezi kumbishia, anayepapasa mtu sokoni si sawa na huyu, labda bila ngazi ya chini hata hapa tusingefika, wazee wangeyamaliza kwa mbuzi wawili, lakini anayepima anapima kwa neno la nani... nilikuwa na miaka ishirini na mbili, natoka shamba la mpunga kule Chara, tope hadi magotini, nikamwambia mama, Gollo wa shamba la jirani kanishika, akaniuliza, "Kakushika tu?" nikajibu, tu, maana ndiye aliyenipa hiyo "tu", nikaipokea kama shuka ya kujisitiri, akanichemshia maji ya kuoga, hakuuliza tena mpaka tukamzika, simlaumu, alijua akiuliza atajibiwa... "Karani, shahidi amesema nini?" Kiingereza cha kushika ni kifupi, silabi moja, kiko ulimini, nikikitema Kadii ataenda nyumbani na kosa dogo maisha yake yote, kama mimi... "Amesema alimshika, Mheshimiwa, lakini kwetu neno hilo hufunika lingine. Naomba aulizwe." Wakili kasimama, karani si shahidi, anasema, na hajakosea, feni inakwaruza, Kadii bado yuko kwenye kucha zake, kalamu bado iko juu, na hakimu ameamua, aulizwe, polepole, kwa lugha ya kwao, na wa kumuuliza ni mimi, swali lile lile la mama, bila ile "tu".