Boksi la Mwenyekiti

Mwenyekiti alikuwa kasuku wa kijivu, na jina hilo alipewa na mzee mpiga chapa kwa sababu alizoea kukatiza watu wakiongea. Miaka tisa hakumdhuru mtu. Lakini kwa mwezi mzima sasa alikuwa akivimbisha manyoya na kumrukia yeyote anayesogelea meza ya mzee, na Jumanne akamng'ata mke wa mzee kidole hadi damu ikadondoka sakafuni.

"Baba Watoto," mkewe akasema huku akijifunga kitambaa, "nimeishi na hasira zako, nimeishi na boksi lako la makaratasi. Mke mwenza mwenye manyoya sikuambiwa. Ijumaa akiwa bado hivi, anakwenda kwa dada yako."

"Dada yangu ana paka watatu."

"Najua."

Mzee aliwahi kufukuzwa kazi kwa kuongoza mgomo, na tangu hapo aliamini kwamba anayeng'ata amedhulumiwa. "Ana dai lake huyu," alisema. Basi kila jioni akazidi kumdekeza: akampapasa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye chai vuguvugu. Kadiri alivyombembeleza ndivyo ndege alivyochachamaa.

Alhamisi wakampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye koti lililopauka.

"Shikamoo mzee. Hebu nionyeshe unavyompapasa."

Mzee akaonyesha kwa madaha.

"Inatosha. Hapo ndipo unapomchumbia."

Mkewe akatazama dari, mabega yakimtikisika.

"Mimi?"

"Wewe, mzee. Kwa ndege, mgongo na chini ya mbawa ni mambo ya mume na mke. Na chakula laini cha vuguvugu ndiyo posa yenyewe. Homoni zimempanda, analinda ndoa yake. Anayemwona mgeni ni mama hapa."

"Si nilisema?" mkewe akauliza.

Daktari akawaeleza: aguswe kichwani tu, chakula kiwe kikavu au baridi, afunikwe mapema alale usingizi mrefu, asifokewe, na akivimba aachwe atulie. "Na kama kuna shimo la giza anapojificha, liondoke. Ndilo kiota chake. Lipo?"

Wazee wawili wakatazamana.

Boksi lilikaa chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na vipeperushi vya mgomo na barua za kufukuzwa, miaka thelathini na moja sasa. Nyumbani mzee akalimwaga sakafuni. Nusu ilikuwa chenga. Mwenyekiti alikuwa ametandika kitanda.

"Hii ya mpanga herufi," mzee akasema, amechuchumaa. "Hii ya fundi mitambo, amekufa bila kupewa haki yake, na waliomfukuza wakanenepa. Watu kumi na mmoja."

"Kumi na wawili," mkewe akasema.

Mzee akahesabu kwa vidole. Kumi na mmoja.

Mkewe akainama, akachomoa karatasi iliyotafunwa pembeni. Ilikuwa barua yake mwenyewe, mshona vitabu, aliyefukuzwa kwa kukataa kushona siku wenzake walipokuwa nje ya lango. Mzee alikuwa amesimulia habari ile kwa watoto, kwa majirani na kwa kasuku, na kila mara mkewe alikuwa jikoni akiwachemshia chai.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi? Anayekukatiza wewe ni Mwenyekiti tu."

Mzee akavuta boksi karibu. Akazoa kila kitu, akashika njia ya jalalani. Mkewe akamzuia mlangoni.

"Unakwenda wapi na barua yangu? Boksi nipe nilikate majalada. Karatasi ziweke mezani."

Akatoa sindano, uzi wa nta na msharasi wake wa zamani wa kutobolea karatasi. Ijumaa mchana karatasi zikawa kitabu chembamba, kimekaa juu ya kabati, hakina shimo la mtu kutagia. Ukurasa wa kwanza mzee aliuchagua mwenyewe: barua ya mshona vitabu.

"Leo Ijumaa," mzee akamkumbusha mkewe kwa woga.

"Sikutaja Ijumaa ya wiki gani."

Wiki ya kwanza Mwenyekiti aliranda chini ya meza akitafuta kitanda chake, akimzomea kila mtu, mzee akiwemo. Ya pili akapunguza. Ya nne akarukia mgongo wa kiti cha mke wa mzee, akainamisha kichwa, akangoja. Kidole chenye kovu kikasita, kisha kikaanza kumkuna taratibu nyuma ya kichwa.

"Kichwani tu," mzee akasema.

"Mimi sina tabia zako," mkewe akajibu.